Mfadhili Aliyeomba Asitajwe

Wanangu mnaokalia leo viti tulivyovikalia sisi, nyinyi mnaoitwa maofisa wa mahusiano, kabla hamjanicheka nawaambia mapema: kazi ya kuwashika wafadhili wasiondoke nimeifanya miaka ishirini na mbili kwa woga. Sikuwa na shahada. Nilikuwa naogopa tu, na woga ule ulinifundisha mengi kuliko semina zote nilizohudhuria. Siku nilipouweka kando ndiyo siku niliyoharibu, na habari hiyo ndiyo ninayotaka kuwapa. Mnivumilie nikizungukazunguka kidogo, maana hata sasa naogopa kuifikia.

Kituo chetu kilikuwa Makorora, hapa Tanga, nyumba ya vyumba vinne na baraza ya saruji. Kinamama walileta watoto wenye kifafa kila mwezi kuchukua vidonge. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu yote: mtoto apate vidonge vyake, asikose hata siku moja. Mitaani kwetu ukisema mtoto ana kifafa, watu wanasikia shetani, wanasikia mate yanayoambukiza, wanasikia aibu ya ukoo. Sisi tulikuwa tunasema ni ugonjwa kama pumu, ana dawa yake, ameze. Lakini dawa hiyo ina masharti. Mtoto aliyetulia miezi kumi, ukimkatizia ghafla, anaweza kuanguka tena, pengine vibaya kuliko mwanzo. Kwa hiyo mfadhili wa dawa akiondoka, kuna mtoto mahali fulani ataanguka, na wewe uliyeko ofisini hujui ataangukia wapi. Nililala na jambo hilo na kuamka nalo kwa miaka yote ile.

Ngoja niwape kwanza yenye faida. Mtu anayetaka kukuacha haagi. Aliyekuwa anakuja mwenyewe ataanza kutuma mtu. Aliyekuwa anapokea simu mara moja ataiacha iite mpaka ikatike, kisha atakupigia jioni na kusema alikuwa bafuni. Aliyekuwa analalamika ataacha kulalamika, na hapo mwogope zaidi, maana anayelalamika bado anategemea kitu kwako. Nilikuwa na daftari la jalada gumu la kuandikia mambo hayo: huyu hapigiwi Ijumaa, huyu mama yake anaumwa miguu, huyu kasema "tutaonana" bila kusema lini. Wenzangu waliliita daftari la uchawi. Walicheka, lakini mfadhili akianza kupotea walikuja kuniuliza daftari linasemaje.

Lingine ni hili: msishukuru huku mnaomba. Kulikuwa na fundi cherehani mmoja aliyewashonea watoto wetu sare za shule bure. Nikampigia kumshukuru, na mwisho wa maneno nikachomekea kwamba mwaka huu watoto wameongezeka. Akasema, "Mama Mhina, nyie watu mkianza kusema ahsante, mie nashika mfuko." Nilicheka kwa aibu. Tangu siku ile shukrani nikaipa siku yake na ombi siku yake, na kati yake nikaweka angalau mwezi.

Na wafanyakazi je? Wafanyakazi nao huondoka vilevile. Tulikuwa na muuguzi, Sista Agnes, mwenye mkono mwepesi na kumbukumbu ya ajabu. Mwenyekiti wetu aliposikia anaitwa na hospitali ya watu binafsi, akaandaa cheti cha mfanyakazi bora chenye fremu, pamoja na keki. Agnes akala keki, akashukuru, akaandika barua ya kuacha kazi. Nilimfuata nyumbani. Nikamuuliza anataka nini. Akasema anataka Jumamosi mbili kwa mwezi aende Muheza kumwogesha mama yake. Basi. Tukampa Jumamosi zake, akabaki mpaka leo. Cheti kiliishia nyuma ya kabati. Watu hatuwaulizi wanachotaka, tunawapa tunachotaka sisi kupewa. Nililijua hilo kwa Agnes, nikalisahau kwa mtu aliyekuwa na maana zaidi.

Sasa nimefika. Mtu huyo nitamwita Bwana Karimu. Jina si lake, na biashara nitakayoitaja si yake, kwa hiyo msijisumbue kuulizana. Alikuwa mzee wa Kihindi, Mwislamu, aliyezaliwa hapa hapa Tanga kama baba yake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Usagara. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alikuja mwenyewe na boksi la vidonge lililofungwa kwa kamba ya katani, akaliweka mezani, akasema, "Salaam aleikum, hii hapa," akaondoka. Hakutaka risiti. Hakukaa hata kunywa maji. Boksi lile lilikuwa zaidi ya nusu ya dawa zetu zote.

Aliyenirithisha mfadhili huyu ni mzee Singano, mkuu wetu wa kwanza. Wiki aliyostaafu alinipitisha jina kwa jina, na alipomfikia Karimu akasema, "Huyu hatajwi. Wala kwenye ripoti. Andika mtu wa heri."

"Kwa nini, mzee?"

"Mie sikumuuliza. Na wewe usimuulize."

Nilidhani ni wivu wa wazee wa zamani, wa kuficha wafadhili wao kama mtu anavyoficha mahali anapochimba chambo. Nikaitika, nikakaa na agizo hilo miaka mingi bila kulielewa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nililisikia vizuri kabisa.

Lazima mjue na mimi nimetoka wapi. Mimi ni Mlutheri. Baba yangu alishuka kutoka milima ya Usambara kuja kukata mkonge, akatulea kanisani. Kwetu siku ya mavuno aliyeleta mkungu wa ndizi anasomwa jina mbele ya usharika, aliyeleta kuku anasomwa, na aliyesomwa mwakani huleta zaidi. Mama yangu alipeleka maharage mwaka mmoja, jina lake likarukwa kwa bahati mbaya, akalia njia nzima ya kurudi nyumbani. Nimekua nikijua kwamba kutajwa ni heshima, na kutotajwa ni kusahauliwa. Habari ya mkono wa kulia kutoa na wa kushoto usijue ilikuwa ndani ya Biblia yangu mwenyewe, nimeisoma mara nyingi, na sikuwahi kudhani kuna mtu anaishi hivyo kwelikweli.

Basi tukapelekwa semina. Hoteli moja ya Raskazone, siku mbili, soda baridi, makaratasi makubwa yamebandikwa ukutani. Mwalimu alikuwa kijana kutoka Dar mwenye viatu vilivyochongoka. Somo lilikuwa mbinu za kuwabakiza wafadhili, wafanyakazi na wateja. Alijua mengi, sitamsingizia. Akasema mfadhili asiyetambuliwa hadharani ni mfadhili aliye mlangoni. Akatuambia tuandike jina la mfadhili wetu mkubwa ambaye hatujawahi kumtambua hadharani. Nikaandika Karimu. Nilihesabu miaka ambayo mzee yule alileta boksi bila hata ubao wa shukrani, nikaona ajabu gani kwamba bado hajatuacha. Nilitoka pale nimejaa hofu mpya, na hofu hiyo mpya ndiyo iliyoniondolea ile ya zamani iliyokuwa na akili.

Nilikwenda dukani kwake nikampiga picha kwa simu akimpimia mteja misumari. Alidhani napiga picha ya mabati. Nikampa mwandika mabango, akatengeneza ubao wa kijani wenye herufi za dhahabu: AHSANTE BWANA KARIMU, RAFIKI WA WATOTO WENYE KIFAFA. Tukautundika barazani, umeelekea barabara. Picha ya ubao nikaiweka mwenyewe kwenye grupu la WhatsApp la marafiki wa kituo. Watu wakaweka mikono ya makofi. Nikakaa nikisubiri apige simu kufurahi.

Hakupiga. Siku ya kwanza nikasema ana kazi. Siku ya tatu nikafungua daftari. Jumatatu ya kwanza ya mwezi ilipofika nilikaa mlangoni tangu saa mbili asubuhi, nikasikiliza kila bajaji iliyopunguza mwendo. Saa tisa Sista Agnes akaja akasimama nyuma yangu.

"Mama, stoo nina vidonge vya siku kumi na moja."

Nilichukua mkoba nikaenda Usagara.

Msaidizi wa duka akaniambia mzee hayupo. Miwani yake ilikuwa juu ya kaunta, na kikombe cha chai pembeni kilikuwa bado kinatoa moshi. Miaka ishirini na mbili nimewaonya watu kuhusu dalili, na sasa dalili ilikuwa mbele yangu imewekewa sukari. Nikasema nitasubiri. Nikasimama kati ya ndoo za rangi mpaka pazia la nyuma likafunguka akatoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ule ubao umeuweka wewe?"

"Ndiyo, mzee. Tulitaka kukupa heshima."

"Nani alikwambia sina?"

Aliongea polepole, bila kupandisha sauti, na hilo liliniogopesha zaidi. Akamtuma msaidizi akanunue maziwa, kisha akainama juu ya kaunta.

"Binti yangu Shirini amechumbiwa. Upande wa mchumba wako Mombasa. Picha yako imemfikia shangazi yao huko, sijui kwa mkono wa nani. Amempigia mke wangu akamuuliza swali moja tu: Karimu asaidia wenye kifafa kwa nini? Kwa nini si mayatima, kwa nini si visima, kama watu wengine?"

Nyuma ya pazia mtu alisogeza kiti. Sote wawili tulisikia.

"Miaka tisa Shirini hajaanguka," akasema. "Dawa ninazowaletea ndizo anazomeza. Tuliweka nadhiri, akitulia, tutawapa na wengine. Nilimwambia Singano neno moja tu, nisitajwe. Miaka yote hiyo hamna aliyejua isipokuwa sie watatu wa nyumba hii na Mungu. Sasa wajua na wewe."

Nikasema nisamehe mzee, nitauondoa ubao leo. Akasema, "Ondoa," akavaa miwani, akaanza kupanga bawaba kwenye trei kana kwamba nimekwisha kutoka.

Niliung'oa ubao kwa mikono yangu. Nikafuta picha kwenye grupu. Lakini picha iliyokwisha kutazamwa na watu mia moja ni maji yaliyomwagika, hayazoleki. Nilipiga simu kwa kila jina lililokuwa kwenye daftari langu, wakaniambia inshallah, na mimi inshallah zote nazijua uzito wake. Tukachangishana wafanyakazi, tukanunua dawa kidogo. Hazikutosha. Ikabidi mtu aamue nani apewe na nani asubiri, na mtu huyo nilikuwa mimi. Nikasema tuanze na wadogo, walio chini ya miaka saba.

Athumani alikuwa na miaka tisa. Mama yake, Mwanahamisi, alikaanga bajia mbele ya nyumba yake, mtaa wa pili kutoka kituoni. Mtoto yule alikuwa hajaanguka mwaka mzima, na mama alikuwa ameanza kumruhusu kukaa karibu na jiko amsaidie kufunga bajia kwenye gazeti. Nilimrudisha Mwanahamisi mikono mitupu, nikamwambia arudi baada ya wiki. Alirudi siku ya tano, Athumani akiwa mgongoni kama mtoto mchanga, mkono wa kushoto umefungwa kanga.

"Nimegeuka kutwaa unga tu, mama," akasema. "Nageuka hivi, naye yuwaanguka. Karai la mafuta limemwagika lote. Mie nilimwamini kwa kuwa amepona. Si mlisema akimeza hataanguka? Na alikuwa ameza kila siku, hajakosa hata moja, mpaka nyie mliponambia ngoja."

Hakunilaumu kwa sauti. Aliniuliza kama mtu anayetaka kujua. Agnes alifungua ile kanga, na mimi nikatoka nje kwa sababu sikuweza kutazama. Nimeona mengi katika kazi ile, lakini harufu ya siku ile, mafuta na ngozi na dawa ya kuoshea, bado hunijia nikiwa jikoni kwangu. Mkono ulichukua muda mrefu kupona, na vidole viwili havinyooki.

Nikarudi Usagara. Sikuwa nakwenda tena kumbakiza mfadhili kwa mbinu. Nilikwenda kwa kuwa nilikuwa naogopa mtoto wa pili. Nilimweleza mzee habari ya Athumani yote, karai, kanga, vidole. Alikaa kwenye gunia la saruji akasikiliza hadi mwisho.

"Mombasa wamerudisha pete," akasema. "Juzi."

Nilitaka kulia, nikaona sina haki ya kulia mbele yake.

"Watoto hawana kosa," akaendelea. "Mie najua. Nadhiri si ya kwenu, ni ya Mungu. Lakini Mama Mhina, ukisimama mlangoni pangu, mke wangu aingia chumbani. Shirini hatoki. Na nikifikiria kuja pale kwenu kukuwekea wewe boksi mezani, miguu haitaki."

"Na nikiwa sipo, mzee?"

Aliokota msumari sakafuni, akautazama, akautia kwenye ndoo yake. Mwisho akasema, "Jumatatu ya kwanza bado siku kumi na mbili," na nikaelewa kwamba jibu ni hilo: nisipokuwapo, boksi litakuja.

Nilikuwa na miaka miwili kabla ya kustaafu. Jioni ile nikaandika barua ya kustaafu kwa hiari. Mwenyekiti alishangaa, akaandaa keki nyingine. Waliposoma hotuba walisema nimechoka na ninataka kukaa na wajukuu, nikatikisa kichwa kukubali. Kwa hiyo mkisikia mtu anasema Mama Mhina alibakiza wafadhili kuliko yeyote Tanga, jueni kwamba mkubwa kuliko wote nilimbakiza kwa kuondoka mimi. Sikuwaambia sababu. Ningewaambia vipi bila kumtaja tena?

Kiti changu alikikalia binti mwerevu, Neema, mwenye shahada na simu mbili. Nilimkabidhi daftari, nikamwambia ataletewa boksi Jumatatu na mzee mmoja, asimuulize jina, alipokee tu. Akaitika, "Sawa, mama," kwa adabu, kama nilivyoitika mimi.

Jumatatu ile sikuweza kula. Nilikuwa nyumbani nachambua mchele, nachambua ule ule mara ya tatu. Saa nne na nusu simu ikaita.

"Shikamoo, mama. Amekuja yule mzee. Boksi limejaa, Agnes anahesabu sasa hivi."

Nikakaa chini. Nikasema ahsante Mungu, nikamuuliza kama Athumani ameitwa aje kuchukua. Akasema mama yake yuko barazani tayari. Nilianza kulia kimyakimya, nikaona nimalize simu asije akasikia.

"Mama, kitu kimoja," Neema akasema. "Mzee mwenyewe ana sura ya upole, nikaona ni mfano mzuri kwa wengine. Nimempiga picha alipokuwa anatoka. Jina sitaandika. Niiweke kwenye grupu?"

Niliinuka, na mchele wote ukamwagika sakafuni.

"Neema, umeshaiweka au bado?"

"Bado, mama. Mbona waogopa hivyo?"

"Ifute. Ifute sasa hivi, usikate simu, mie nakusikiliza."

Nikasikia akibonyeza. Akacheka kidogo, kicheko cha kumtuliza mtu mzima. "Haya, nimeifuta, mama. Pumzika."

Sijui kama aliifuta. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi mimi hufungua grupu lile tangu asubuhi, natazama, na mpaka leo sijaiona.